Antena ya Nyabiondo

Kirotshe, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, saa nane mchana

Mwanangu Riziki,

Huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu nilipolala Nyabiondo kwa mara ya mwisho. Nimehesabu tena leo asubuhi, wakati wewe na mama yako mkifunga mizigo, nikaona sijakosea. Ulikuwa na miaka minne. Ulitoka ukiwa mgongoni mwa mama yako, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, na kile kiatu tulikitafuta njia nzima hadi Masisi kana kwamba hicho tu ndicho tulichopoteza.

Kesho unapanda boti ya Bukavu, kisha gari la Hombo, hadi Walikale. Sitakuandikia juu ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala watu wa kukaa nao mbali. Mama yako amekwisha kusema hayo yote tangu Jumatatu, na mengine ameyashona ndani ya begi lako. Mimi nina jambo moja tu, na ni refu.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, ulinishika mkono ukasema: "Papa, mushahara ya kwanza tu, naanza kuweka pembeni. Miaka tano ao sita, tunanunua tena mulima yetu. Utarudi kwako." Nilicheka, nikasema Mungu akubariki, kisha nikaanza kuzungumzia bei ya sambaza, wale dagaa wa ziwani. Uliniangalia. Wewe ni kontable, mtu wa hesabu. Unajua mtu anapofungua ukurasa mwingine haraka.

Basi hili ndilo jibu langu. Tangu utoto wako umesikia kwamba vita vilituchukulia mlima. Vita vilinitoa nyumbani, hilo ni kweli, na vimenizuia nisirudi hata kuangalia. Lakini shamba lile la maharagwe juu ya Nyabiondo halikuchukuliwa na mtu. Niliuza mwenyewe, kwa mkono wangu, miezi minne kabla hatujakimbia. Na kwa kuwa unakwenda kushika vitabu vya hesabu vya tawi la kampuni ya simu, kazi ileile niliyoifanya mimi, siwezi kukuacha uondoke na ile hadithi fupi.

Kabla ya simu za mkononi, sauti ilisafiri kwa foni. Ilikuwa redio moja katika chumba cha mbao, na betri ya gari chini ya meza. Ulisimama kwenye foleni, zamu yako ikifika unapiga kelele, na watu wote waliokuwa nyuma yako walisikia habari zako. Nilikuwa mwalimu wa hesabu Nyabiondo. Nilimsikia mtu akipokea habari ya kifo cha baba yake mbele ya watu ishirini, naye akalazimika kubonyeza kidude na kusema "nimesikia, endelea," kwa sababu ndivyo mashine ilivyotaka.

Kisha akaja Direkta Fidèle. Alikuwa mfanyabiashara wa Goma, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyejua majina ya wake zetu na magonjwa ya watoto wetu. Alisema tutajenga mtandao wa simu wa milimani, wa watu wa milimani, na kila atakayetaka atanunua hisa. Kampuni ilikuwa na jina lake rasmi kwenye karatasi, lakini hakuna aliyelitumia. Watu waliiita Ya Kwetu. Alihitaji kontable anayeaminika na wakulima na wafugaji pia, akaambiwa kuna mwalimu mmoja Nyabiondo asiyezidisha wala kupunguza. Huyo nilikuwa mimi, Riziki. Nilipenda sana kuitwa hivyo.

Antena ya kwanza tuliisimamisha juu ya Mushaki, kwenye malisho ya Papa Anastase, mfugaji ambaye ng'ombe wake ulikuwa unawaona kutoka barabarani kama mawe ya kahawia. Siku ilipowashwa, alipewa simu ampigie binti yake aliyeolewa Goma. Aliishika mbali na sikio kama kitu cha moto. "Ni weye?" akauliza. "Ni miye, Papa." "Sema tena kitu." "Niseme nini, Papa?" "Kitu yote." Tulicheka, lakini nilimwona akigeuza uso kuelekea kwa ng'ombe wake.

Wiki iliyofuata aliuza ng'ombe wawili, akaja kununua hisa. Nilimwandikia stakabadhi. Akairudisha juu ya meza.

"Karatasi ya nini, Mwalimu?"

"Ya kuonyesha kama umenunua, Papa."

"Ng'ombe nimeweka kwako. Si unajua namna tunafanya?"

Nilijua. Wewe umekulia ziwani, labda hujui. Kule juu, mwenye ng'ombe wengi humwekea jirani ng'ombe mmoja. Jirani anamchunga, anakunywa maziwa, anachukua samadi kwa shamba lake, na ndama wanagawanywa kwa mapatano. Hakuna karatasi. Kuna sharti moja tu: ng'ombe akifa, unamletea mwenye mali ngozi. Hata kama ameanguka bondeni, unashuka, unamchuna, unapanda na ngozi begani na kuiweka mbele ya mlango wake. Asiyeleta ngozi amekula ng'ombe.

Papa Anastase alinipa heshima hiyo, na wengi wakamfuata. Waliuza ng'ombe na mashamba ya viazi wakaacha stakabadhi mezani kwangu. Kosa langu la kwanza ndilo hilo, na siku hizo nililiona kama taji. Mtu akikukabidhi mali kwa desturi ya ng'ombe, nawe unaipeleka mahali ambapo huwezi kuona ikiishi au ikifa, ulipaswa kumwambia: Papa, huyu si ng'ombe, chukua karatasi yako. Mimi nilikusanya zile stakabadhi kwenye droo nikajisikia mkubwa.

Miaka miwili tulipanda. Antena tano, kisha nane. Wasichana waliuza kadi za kupiga simu chini ya miavuli ya njano kutoka Sake hadi Masisi. Wanawake wa soko waliacha kutembea siku nzima kuuliza bei. Walipiga simu, wakapanga, wakabaki na miguu yao. Usidhani kwamba yote yalikuwa uongo. Sauti zile zilikuwa za kweli.

Shida yetu ilikuwa mazuti, yale mafuta ya jenereta. Hakuna umeme kule, unajua. Kila antena ina jenereta, na jenereta inakunywa usiku na mchana, hata kama hakuna anayepiga simu. Mapipa yalipanda kwa lori hadi barabara inapokufa, kisha kwa pikipiki, kisha mgongoni mwa watu. Halafu kampuni moja kubwa ya nje ikafika na bei ya chini. Ikabidi tushushe yetu. Mwisho wa mwaka wa tatu nilijumlisha mara tatu, na mara zote tatu tulikuwa tumekula kuliko tulivyoingiza.

Nilimpelekea Direkta. Aliangalia zile karatasi kwa utulivu, kama mtu anayesoma barua ya mpwa wake.

"Papa Kontable," akasema, "hii mazuti umeandika wapi?"

"Kwenye matumizi, Direkta. Imeungua."

"Imeungua. Lakini bila mazuti, sauti iko?"

"Hapana."

"Na bila sauti, kampuni iko?"

"Hapana."

"Basi mazuti njo inajenga kampuni. Weye unaandika eti imeungua. Andika eti imejenga."

Wewe umesoma haya chuoni kwa maneno mazuri zaidi, lakini acha nikueleze kama nilivyowaeleza baadaye watu ambao hawakusoma. Ukinunua antena, huandiki kwamba pesa imekwisha. Unaandika kwamba unayo antena, na mwaka kwa mwaka unapunguza kidogo thamani yake, kwa maana inachakaa. Hiyo ni haki, kwa sababu antena ipo. Unaweza kwenda kuigusa. Mazuti ya Jumatatu, ikifika Jumanne ni moshi. Direkta alitaka niuandike moshi kama chuma. Ni kama mtu anayehesabu majani yote ambayo ng'ombe wake amekula, halafu anasema ana ng'ombe wawili.

Nilikataa. Nakuapia nilikataa, kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu aliniita tena. Hakunipa pesa, wala hakunitisha. Aliniuliza habari za mama yangu.

Koko wako, mama yangu huyo, unamkumbuka akiwa mzee hapa Kirotshe, mwenye macho mabovu na ulimi mzuri. Wakati ule alikuwa na nguvu, anaishi peke yake Nyabiondo tangu sisi tulipohama kwa ajili ya kazi yangu, na mtandao wetu haukufika kule. Mimi niliyewauzia watu sauti sikuweza kumsikia mama yangu. Direkta alijua. Akasema: "Hesabu ikiwa nzuri, benki inatupa mkopo. Mkopo ukitoka, antena ya tisa iko ya Nyabiondo. Kwenu. Kwanza tuifungulie ukurasa kabisa: Antena ya Nyabiondo, inajengwa. Hii mazuti uiweke pale kwa muda. Antena ikisimama, nani atauliza?"

Nikafungua ukurasa. Niliandika jina la kijiji changu kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Kisha mazuti ya Mushaki, mazuti ya Sake, mazuti ya kila mahali nikayahamishia pale, pipa kwa pipa. Kulipokucha tulikuwa kampuni yenye faida. Mwenye benki alitupongeza kwa kuwa tulijenga wakati wengine walikuwa wanaogopa.

Nataka uelewe kitu hapa, Riziki, kwa sababu kama utasahau mengine yote, hili ninakuomba ulibebe. Sikuandika kwa ajili ya tamaa ya mali. Kama angeniwekea dola mezani, ningejua ni nini, ningesimama nitoke. Alitafuta kitu kizuri ninachokitaka, akaniwekea uongo wake ndani yake.

Mara iliyofuata nilipopanda Nyabiondo nilimwambia mama: antena inakuja, itakaa juu ya shamba lako, pale kileleni. Nilisema kweli kwa kadiri ya kitabu changu. Mama akafurahi, akawaambia majirani. Na msimu wa kupanda ulipofika, hakupanda. Alisema: watakuja kuchimba, watakanyaga maharagwe, afadhali niache wazi. Alilima tu pembeni, kwenye mteremko mbaya. Alikuwa anakwenda kule juu kila wiki kung'oa majani ili watu wa antena wakute mahali safi.

Msimu wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mkopo ulipotoka uliingia katika madeni ya mazuti ukaishia huko. Na mimi kila mwisho wa mwezi niliendelea kujaza ule ukurasa, kwa sababu ukishawaambia watu kwamba moshi ni chuma, mwezi ujao huwezi kusema ni moshi. Katika vitabu vyangu antena ya Nyabiondo ilikuwa sasa ghali kuliko antena nyingine tatu zikiunganishwa. Watu waliona faida kwenye tangazo ukutani, wakanunua hisa zaidi. Papa Anastase alikuja na bei ya ng'ombe wa tatu. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mwalimu, inakula vizuri?"

"Inakula vizuri, Papa."

Hilo jibu, pamoja na lile shamba lililosafishwa, ndivyo vitu viwili ambavyo sijawahi kuvipangia mahali.

Mwaka wa tano benki ikatuma mkaguzi kutoka Kinshasa. Kijana mnene, mpole, viatu vya mjini, aliyekuwa akishukuru kwa kila kitu, hata kwa kiti. Alisoma vitabu vyetu siku nne. Siku ya tano akaweka kidole juu ya ukurasa mmoja, akasema: "Hii antena imekula pesa mingi sana. Inapaswa kuwa nzuri sana. Ningependa kuiona."

Direkta aliniita kando. Alikuwa amekwisha kupanga. Kabla ya Masisi kuna njia inayokunja kwenda kilima ambako tulikuwa na antena mbili zilizosimama karibu. Mkaguzi hajui kilima kimoja na kingine. "Unamukunjisha pale," akasema, "unamuambia: njo hii Nyabiondo. Anapiga picha, anapanda ndege. Antena ni antena, Papa Kontable."

Tulikwenda na pikipiki mbili. Mimi mbele, mkaguzi nyuma akiwa amekumbatia dereva wake kwa mikono miwili. Ilikuwa asubuhi yenye mawingu. Tulipofika kwenye ile njia, dereva wangu akapunguza mwendo, akaweka mguu chini.

"Papa, tunakunja hapa ao tunaendelea?"

Nikaigeukia ile njia ya kilima.

"Papa, sema upesi, mvua inakuya."

Watu wengine, nilipowasimulia, wamenisifu kwa kile nilichojibu. Wewe usinisifu, kwa sababu nakutaka uwe na hesabu sahihi. Nilitoa simu mfukoni nimpigie Direkta. Nilitaka aniambie kwa mara nyingine kwamba antena ni antena. Kama ningesikia sauti yake, ningekunja. Nakuambia bila shaka yoyote, ningekunja. Lakini bonde lile, lililofichwa na vilima, halikuwa na mtandao. Lilipaswa kupata mtandao kutoka Nyabiondo. Nikasimama pale na simu bubu mkononi, nikiitazama, na dereva akiitazama mvua. Kisha nikasema, "Tuendelee."

Mama alituona kutoka mbali. Pikipiki mbili, na mtu mgeni mwenye begi. Tulipofika chini ya mlima alikuwa amekwisha kushuka hadi njiani, kitambaa kipya kichwani, na majirani watatu nyuma yake.

"Sasa njo munafika!" akasema. "Nalikuwa nawangoya tangu mwaka ingine. Karibu, karibu. Huyu njo fundi?"

Mkaguzi akamsalimia kwa mikono miwili. Mama hakungoja nizungumze. Alimshika mkono akampandisha kilimani, na viatu vyake vya mjini vikateleza, naye anamvuta na kumcheka: "Fundi gani anaogopa udongo!" Mimi niliwafuata. Kileleni palikuwa safi kama uwanja wa kanisa. Hakukuwa na hata jani. Pembeni alikuwa amepanga mawe kuonyesha mpaka.

"Nimewabakizia hii yote," mama akasema. "Misimu ine sipande. Inaenea, ao niongeze?"

Mkaguzi aliangalia udongo. Kisha akaniangalia mimi, na nikaona kwamba ameelewa. Alimwinamia mama, akasema kwa Kiswahili chake cha shida: "Inaenea, Mama. Iko kubwa ya kutosha."

Mama aligeuka kwangu, amefurahi, akangoja nami niseme kitu. Nikamwambia pale pale, mbele ya majirani: "Mama, panda maharagwe yako. Hakuna antena. Niliijenga kwenye kitabu tu."

Akasema: "Kwenye kitabu." Kisha akauliza, si kwa hasira, kwa njia ya mtu anayetaka kujua kweli: "Na weye ulikuwa unajua wakati nalikuwa nang'oa majani?"

"Nilijua, Mama."

Akashuka mlima peke yake kwenda kutupikia, kwa kuwa mgeni alikuwa amefika.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mkaguzi alichukua kitabu, nami nikamwonyesha kila pipa nilikolitoa na nilikoliweka. Benki ilifunga mkono. Wenye mazuti walidai walipwe kwanza. Antena zilizimika moja baada ya nyingine, kila moja siku jenereta yake ilipokausha pipa la mwisho. Mushaki ilikuwa ya mwisho. Watu walibaki wakipanda vilima na simu zao juu ya vichwa, wakidhani ni mawingu. Direkta aliondoka kwenda mahali ambapo kila anayesimulia hupataja kwa jina tofauti. Mimi niliitwa mahakamani, nikaeleza, nikakaa ndani kwa muda, nikatoka. Mama yako alikuambia nilikuwa Butembo kwa mafunzo. Msamehe, nilimwomba mimi.

Nilipotoka, Papa Anastase alikuwa ananingoja njiani Mushaki. Alikuwa ameketi juu ya jiwe na fimbo yake magotini, kama mtu aliye na muda.

"Mwalimu. Ng'ombe yangu imekufa?"

"Imekufa, Papa."

"Wote tatu?"

"Wote watatu."

"Sawa. Ngozi iko wapi?"

Nilikuwa na nakala za vitabu kwenye begi. Nilizitoa, nikaanza kumweleza mazuti na antena. Alisikiliza hadi mwisho, ana adabu. Akasema: "Hii iko karatasi. Karatasi nilikuachia weye tangu mwanzo." Akaondoka na fimbo yake.

Nilirudi Nyabiondo nikamwambia mama habari za ngozi. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Uza juu kule," akasema. "Hata hivyo pamejifunza kukaa bure." Huo ulikuwa mzaha wake, na pia ulikuwa adhabu yangu, na baada ya hapo hakurudi tena kwenye jambo hilo maisha yake yote. Nilimuuzia jirani mmoja mkulima, mbele ya chifu na mashahidi, kwa bei ya haki. Pesa ile ilitosha mitamba mitatu.

Niliwaswaga mwenyewe kutoka Nyabiondo hadi Mushaki, siku mbili. Sikuwahi kuchunga ng'ombe. Walinicheka watu wote wa njiani. "Eh, Mwalimu, iko inakuchunga ao unaichunga?" Papa Anastase alitoka, akazunguka kila mtamba, akamwinua mkia, akamtazama meno.

"Hawa si wale wangu."

"Najua, Papa."

"Huyu wa pili ana mguu mbaya."

"Nimeona njiani."

Akaingia ndani. Nilidhani ndiyo mwisho. Alitoka na kibuyu cha maziwa ya kuganda, akanimiminia kikombe, akakaa karibu nami hadi nikamaliza. Nimekunywa vitu vingi katika maisha yangu, na sijui kimoja kilichonishinda kukimeza kama kile, wala kimoja kilichonisimamisha kama kile.

Wengine sikuwalipa. Walikuwa wengi na mlima ulikuwa mmoja. Nilianza na yeye kwa sababu ya ng'ombe wa tatu, yule niliyemchukua huku nikijua. Kwa wengine nilikwenda nyumba kwa nyumba na kuwaambia kwa mdomo wangu nilichofanya. Baadhi yao wako hapa Kirotshe, wakimbizi kama sisi. Yule mama anayeuza mkaa karibu na hospitali haniitikii salamu, na umeniuliza mara nyingi kwa nini. Ana haki yake.

Kisha vita vikaja, tukateremka na kile kiatu kimoja. Unajua yaliyobaki. Unajua nilivyofundisha watoto hesabu chini ya hema. Lakini labda hujui kwamba wale wanawake wa ushirika wa maharagwe waliponiomba niwashikie kitabu, niliwasimulia haya yote kwanza, kuanzia mwanzo. Mwenyekiti wao akasema: "Basi weye njo tunataka. Unajua mahali bwizi inapitia." Nimewashikia miaka kumi na moja. Kila mwezi, kabla sijaandika gunia moja, naingia ghalani kuligusa. Wananicheka kwamba nasalimia maharagwe.

Wewe utakuwa kontable bora kuliko mimi. Simwambii hivyo kila mtu, na nimesahihisha madaftari mengi. Una jicho, na una kichwa kigumu ulichokipata kwa Koko wako. Siogopi kwamba watakununua. Wakikuletea bahasha utawarudishia, na pengine utawatukana pia, na mama yako atasikitika kwa matusi tu. Ninachokiona mbele yako ni mtu mpole, siku moja, katika ofisi ya Walikale, atakayekuuliza: "Dada Riziki, papa yako anaendelea aje? Ni kweli mulikuwa na mulima?" Ukiwa na mlima wa kununua, atakuwa na mahali pa kuwekea maneno yake. Ndiyo maana nakuomba usiubebe. Fanya akiba kwa jambo lingine. Jenga kwako. Na wakikuonyesha antena kwenye ukurasa, omba pikipiki ukaione, hata kama mvua inakuja.

Tena kuna watu pale. Jirani yule aliyenunua amekwisha kufa, lakini wanawe wanalima kile kilele, na wana watoto waliozaliwa juu yake. Milimani kwetu kila mtu anaanza kuhesabu ardhi kutoka siku inayomfaa. Mimi ninaanza kutoka siku niliyotia sahihi mbele ya mashahidi, nikiwa na akili zangu, na bei nikaipokea. Wale watoto wasije kusikia hata siku moja kwamba kuna msichana wa kontable anayekusanya pesa kwa ajili ya mahali wanapolala.

Nasikia siku hizi kuna antena Nyabiondo, ya kampuni nyingine, juu ya kilima kingine. Mtu alinipigia kutoka pale mwezi wa Pasaka, na sauti ilikuwa safi. Nikamuuliza kile kilele cha kwetu kina nini. Akasema: maharagwe, Mwalimu, na yametoa maua.

Mama yako ananiita nije nifunge kamba ya sanduku, nami nimefika mwisho wa karatasi. Koko wako amelala hapa juu ya ziwa, na mimi nitalala karibu naye. Ukija likizo, utanikuta kwenye ghala la ushirika. Nyabiondo sitarudi.

Papa yako